Fizikia isiwe ya kukariri kanuni

Natoa maoni yangu kuhusu ufundishaji wa fizikia katika sekondari zetu, hasa hesabu za kani, msuguano na mwendo.

Hivi karibuni mpwa wangu aliniletea daftari lake. Swali lilihusu sanduku linalovutwa sakafuni. Nikambadilishia sanduku likawa mtumbwi wetu hapa Mahurunga, ukingoni mwa Mto Ruvuma. Mtumbwi una kilo 200. Watu wanne wanauvuta kwenye mchanga tambarare, kila mmoja kwa kani ya nyutoni 300. Mchanga unazuia kwa kani isiyozidi nusu ya uzito. Je, mchapuko ni kiasi gani?

Alikokotoa vizuri. Uzito nyutoni 2,000, msuguano 1,000, nguvu ya watu 1,200. Zinabaki 200, ukigawanya kwa kilo 200 unapata mita 1 kwa sekunde kwa sekunde. Kisha nikaongeza mzigo wa samaki kilo 80. Akapata msuguano 1,400, akautoa katika 1,200, akabaki na 200 hasi. Akaandika kwamba mtumbwi unarudi mtoni!

Ndugu Mhariri, kijana huyu amevuta mitumbwi tangu utotoni. Anajua fika kwamba mtumbwi uliozidiwa mzigo haurudi nyuma wenyewe. Unakaa pale pale mpaka upunguzwe mzigo au utandikiwe magogo ya kuviringisha. Msuguano hausukumi kitu kilichotulia. Hujibu kwa kiasi kile kile unachovuta, mpaka ufike kikomo chake. Nilipomwuliza kama amewahi kuona mtumbwi wa namna hiyo alicheka, akasahihisha mwenyewe.

Kwa maoni yangu kosa si lake. Amezoeshwa kutafuta kanuni kabla ya kukitazama kitu chenyewe. Wako watakaosema tatizo ni upungufu wa maabara. Maabara ni lazima, sibishi. Lakini kamba, kipande cha ubao, mchanga na mizani ya ndoano ya wauza samaki vinatosha kabisa kupima msuguano.

Jambo la pili ni lugha. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari fizikia inakuwa ya Kiingereza. Istilahi hatukosi, kwani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata kama mtihani ni wa Kiingereza, mwalimu asione haya kulieleza jambo kwanza kwa lugha ambayo mtoto anaifikiria.

Nawaomba walimu na watunga mitihani waanze na swali moja: je, kitu hiki kitasogea? Mwanafunzi aeleze kwa maneno, apewe alama, ndipo akokotoe.

Vijana hawa ndio watakaopakia malori ya korosho na kuyashusha milimani wakati wa mvua. Kosa la daftarini hufutwa kwa raba. Kosa la mzigo na breki kwenye barabara yenye utelezi halifutiki.

Mwananchi,
Mahurunga, Mtwara.