Kiboko hakikumlinda mtu

Mwandishi aliyedai kwamba uonevu umeenea katika shule za bweni nchini Kenya kwa sababu kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001 amesahau historia. Julai 1991, katika shule ya St. Kizito, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 wakafa. Mwaka 1999, viranja wanne wa Nyeri High School walifungiwa vyumbani mwao wakachomwa moto na wanafunzi wenzao. Miaka yote hiyo kiboko kilikuwa halali. Kilimlinda nani?

Anasema samaki mkunje angali mbichi. Tumkunje kuelekea wapi? Mtoto anayechapwa na mwalimu mchana hujifunza kwamba mwenye nguvu hupishwa. Usiku, bwenini, mkubwa wa Kidato cha Nne humfundisha "mono", yaani mwanafunzi mgeni, somo hilohilo: amfulie nguo, amchotee maji alfajiri, amfungulie sanduku lake la vyakula. Akisita, kofi. Mwakani mono huyo naye atamtafuta wake.

Na ashtaki kwa nani? Kwa kiranja, ambaye mara nyingi ndiye mpigaji! Hilo mwandishi hakuligusa hata kwa neno moja. Viranja waondolewe mamlaka ya kuadhibu. Wanafunzi wageni walale bweni lao, na mtu mzima alale karibu nao. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 tayari kinakataza adhabu ya kikatili, iwe ya mwili au ya akili. Kitekelezwe kwanza, kisha ndipo tuambiwe kimeshindwa.