Neno Moja, Mizigo Mingi

Msomaji kijana, huenda umesikia ikisemwa kuwa Kiswahili ni lugha maskini, kwa sababu neno piga hutumikishwa kila mahali. Maneno hayo si ya haki. Pita Mji wa Kale, Mombasa: mgeni hupiga hodi mlangoni, seremala hupiga randa, mvuvi hupiga makasia, watoto hupiga mbizi baharini. Hapana aliyeumizwa. Maana haimo katika piga peke yake. Imo katika neno linaloandamana nalo.

Sasa kitazame Kiingereza unachofundishwa darasani. Kwa take off, ndege huruka, mtu huvua kofia, muuzaji hupunguza bei, mchekeshaji humwiga mkubwa wake. Je, huo nao ni umaskini? La, huitwa ufasaha! Basi kwa nini sifa ya jirani iwe aibu ya nyumbani?

Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, hakuidharau lugha hii. Aliikusanyia kamusi, iliyochapishwa London mwaka 1882. Ikiwa mgeni aliokota lulu hizi moja moja, mwenyeji asizitupe kwa konzi. Jifunze Kiingereza kwa bidii, lakini usikinunue kwa heshima ya Kiswahili.