Fremu ya Chuma Isidharauliwe

Tangu Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, mazungumzo ya vijana wenzangu yamebadilika. Zamani kijana aliyetaka kuwa mwendeshaji aliuliza: nifanye mazoezi gani? Siku hizi anauliza: nitapata wapi kaboni? Katika makala haya ninalipinga swali hilo la pili, na ninawapinga wale wanaolipanda katika vichwa vya vijana. Msimamo wangu ni huu: kijana wa familia maskini anayetaka kuanza mashindano hana njia bora kuliko kutafuta fremu ya chuma iliyokwisha kutumika, nyepesi na iliyonyooka, kisha aijenge baiskeli yake kidogo kidogo. Anayemcheka kwa kufanya hivyo anamfungia mlango, hata kama mwenyewe anadhani anamshauri.

Sisemi haya kwa mapenzi ya vitu vya kale. Mdogo wangu ana miaka 16. Hubeba viazi kwenda sokoni kwa ile baiskeli nyeusi ya mizigo ambayo kila mmoja wetu anaijua, na akishaishusha mizigo hupanda milima ya kwetu akiwaacha nyuma vijana wenye gia. Alipokwenda kujiandikisha katika klabu moja ya waendeshaji, aliambiwa arudi siku atakapokuwa na "baiskeli ya kweli". Hakuna aliyemtazama akipanda kilima. Hakuna aliyemuuliza huendesha kilomita ngapi kwa siku. Walitazama baiskeli, wakamaliza. Sasa baiskeli mpya ya kaboni inayofaa mashindano huweza kugharimu dola 2,000 na kuendelea, yaani karibu faranga milioni 3. Familia inayouza viazi ikitaka kuinunua itauza shamba. Kwa hiyo maneno yale maana yake ilikuwa: usirudi.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu ni uzito. Wanasema chuma ni kizito, na nchi yetu ni ya milima elfu. Tuipime hoja hiyo kwa hesabu. Fremu nzuri ya chuma, yenye mabomba membamba, ina kilo 2 hivi. Fremu ya kaboni ina kilo 1 hivi. Tofauti ni kilo 1. Kijana wa kilo 60, ukimjumlisha na baiskeli, maji na viatu, anafika kilo 72 hivi. Katika mlima wa dakika 20, kilo hiyo moja itampotezea sekunde 15 hadi 20. Sekunde hizo zina maana kwa Tadej Pogačar, aliyeshinda mbio za wanaume hapa Kigali, kilomita 267.5, ambazo waliozimaliza walikuwa 30 tu. Kwa kijana ambaye bado hajajifunza kukaa ndani ya kundi, kula akiwa mwendoni na kubadilisha gia kabla ya mlima kuanza, sekunde hizo si kitu. Kwa kutojua mambo hayo atapoteza dakika nyingi, hata ukimpandisha juu ya kaboni.

Tena linganisheni na baiskeli aliyonayo sasa. Ile nyeusi ya mizigo ina kilo 20 au zaidi. Baiskeli iliyojengwa juu ya fremu nzuri ya chuma huwa na kilo 10 hivi. Anayemnyima kijana nafuu ya kilo 10 kwa sababu hawezi kumpa nafuu ya kilo 11 amepiga hesabu ya ajabu.

Hoja ya pili ni kwamba chuma si cha mashindano. Hiyo inasemwa na wasioijua historia ya mchezo wenyewe. Eddy Merckx wa Ubelgiji alishinda Tour de France mara 5 kati ya 1969 na 1974, na mwaka 1972 huko Mexico City aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja. Baiskeli zake zilikuwa za chuma. Kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza, ilitoa bomba lake la 531 mwaka 1935: chuma kilichochanganywa na manganisi na molibdeni, kinachoweza kuachwa kinene kwenye ncha, pale mabomba yanapounganishwa, na kufanywa chembamba katikati. Mabingwa wengi walipanda milima ya Ulaya juu ya mabomba hayo. Na hapa kwetu, Tom Ritchey, Mmarekani aliyekuja Rwanda mwaka 2005 na ambaye mradi wake ulileta baiskeli za kubebea kahawa na kufungua njia ya timu ya taifa, ni fundi aliyejipatia jina kwa kujenga fremu za chuma. Katika timu hiyo alitoka Adrien Niyonshuti, aliyeendesha kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Historia ya waendeshaji wetu wa leo imepita mikononi mwa fundi wa chuma. Leo chuma kinatuaibisha kwa lipi?

Sababu yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ni matengenezo. Kijana wa kijijini ataanguka. Atagongwa na pikipiki, atatumbukia katika mtaro wa mvua, atabeba mtu nyuma. Fremu ya kaboni ikipata ufa, ufa huo unaweza kujificha chini ya rangi, na kuutibu kunahitaji fundi wa kazi hiyo maalumu. Ndiyo maana kununua kaboni iliyotumika bila kuipima ni kununua siri ya mtu. Aluminiamu nayo, ukiichomelea, hupoteza nguvu mahali pale mpaka ipashwe moto upya kwa utaratibu wa kiwandani. Chuma kina subira. Kikipinda kidogo hunyooshwa. Kikipasuka huungwa. Naongeza onyo moja: usimpelekee fundi wa mageti mwenye mashine ya umeme, atalitoboa bomba jembamba kama karatasi. Mtafute anayeunga kwa gesi na shaba. Mafundi wa namna hiyo tunao, na wanahitaji kazi.

Hapo ndipo ninapokutana na hoja ya tatu, ambayo ninaiheshimu kuliko nyingine. Mwanafunzi mwenzangu aliniambia: "Ndugu yangu, nchi yetu ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba mwaka 2016, Marekani ikatuondolea nafuu ya kuuza nguo kwao mwaka 2018, na hatukurudi nyuma. Sasa wewe unataka tuokote mitumba ya chuma?" Ni hoja ya heshima ya taifa, na haistahili kujibiwa kwa mzaha. Lakini nguo ya mtumba inafika ikiwa tayari kuvaliwa. Fundi cherehani hapati kitu, labda kupunguza urefu wa suruali. Fremu ya mtumba inafika ikiwa nusu ya kazi. Inamhitaji wa kuinyoosha, wa kuipaka rangi, wa kufunga spoki, wa kupanga gia. Nguo ya mtumba ilidaiwa kuua kiwanda, ila fremu ya mtumba inalisha karakana. Tusiyachanganye mambo mawili kwa sababu tu yanaitwa kwa jina moja.

Hoja ya mwisho husemwa kwa mkato: hazipatikani. Zinapatikana, ila watu hawajui wanachokitazama. Zinakuja ndani ya makontena pamoja na baiskeli nyingine zilizotumika. Zikifika bila magurudumu, hutundikwa nyuma ya duka au huishia kwa wauza vyuma chakavu, zikapimwa kwa kilo na kuyeyushwa ziwe nondo. Mimi nilitafuta kwa miezi minne, Nyabugogo na Gakinjiro, kila Jumamosi, nikiwa na vitu vitatu mfukoni: sumaku, uzi na rula. Fremu niliyoipata kwa faranga 25,000 ilikuwa chini ya rundo la vitanda vilivyovunjika. Muuzaji alikuwa akitaka faranga 90,000 kwa fremu ya jirani yake, iliyong'aa kwa rangi mpya na nzito kama geti. Anayepanga bei kwa kutazama rangi humpa nafasi anayejua kupima.

Na kupima si uganga. Sumaku inakuambia kama ni chuma au aluminiamu. Rula inakuambia kama ni chuma chepesi: chomoa bomba linaloshika kiti, pima upana wake. Likiwa na milimita 27.2, kwa kawaida kuta za fremu ni nyembamba na fremu ni nzuri. Likiwa na 25.4, fremu nyingi za aina hiyo ni za kuta nene, za bei rahisi. Bomba hilo likikataa kuchomoka kwa kutu, punguza bei au ondoka. Kisha pitisha kidole chini ya mabomba mawili yanayotoka kichwani, karibu na kichwa chenyewe. Ukihisi mkunjo au rangi iliyopasuka kwa mstari, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache hata wakikupa bure. Mwisho, funga uzi kutoka pale gurudumu la nyuma linapokaa, upande wa kushoto, uzungushe kichwani, urudi nao upande wa kulia. Pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti pande zote mbili. Umbali ukilingana, fremu imenyooka. Ukitofautiana kwa milimita moja au mbili, fundi atairekebisha.

Lipo jambo moja ambalo huwakatisha tamaa wengi bila sababu. Fremu nyingi za zamani zina nafasi ya milimita 126 kwa gurudumu la nyuma, na magurudumu ya gia 8 hadi 11 yanataka 130. Kwa chuma, tofauti hiyo hutanuliwa kwa mkono, milimita 2 kila upande, bila moto. Usijaribu hivyo kwa aluminiamu. Angalieni pia hesi za pale mhimili wa pedali unapoingia. Za Kiingereza vipuri vyake ni vingi. Za Kifaransa za zamani zitakusumbua kutafuta vipuri mpaka uchoke. Na kama fremu ilitengenezewa magurudumu ya inchi 27, ukiweka ya 700 breki zitatakiwa kufika milimita 4 chini zaidi, kwa hiyo chukua breki zenye mikono mirefu.

Baiskeli ya mdogo wangu ilikamilika baada ya miezi tisa kwa jumla ya faranga 250,000 hivi, pamoja na magurudumu yaliyotumika na tairi mpya. Si fedha kidogo kwetu. Lakini ililipwa kidogo kidogo, leo pedali, mwezi ujao mnyororo, na hakuna shamba lililouzwa.

Sitaki kueleweka vibaya. Kuna msemo kwamba ya kale ni dhahabu. Katika fremu msemo huo ni uongo. Fremu nyingi za kale ni chuma kibaya tangu siku zilipotoka kiwandani, na wauzaji wameanza kusikia neno "Ulaya" na kupandisha bei juu yake. Chuma kilichooza ndani hakitibiki kwa sifa. Ninachotetea ni kupima, na wanaolilia kaboni wamekataa kupima, sawa kabisa na wanaosifu kila kitu cha zamani.

Kwa hiyo natoa madai matatu. Viongozi wa klabu: kijana akija, mpeni kilima na saa. Mkiona miguu yake inafaa, ndipo mtazame baiskeli, na swali lenu liwe kama breki zinashika na fremu imenyooka. Shule za ufundi: wafundisheni wanafunzi kunyoosha na kuunga mabomba membamba, kwa sababu nchi iliyoandaa mashindano ya dunia haiwezi kubaki na mafundi wa mageti peke yao. Nanyi wanafunzi wenzangu mnaoandika na kufundisha kwa Kiswahili: yaandikeni maarifa haya kwa lugha ambayo fundi wa Gisozi, mnyonzi wa Musanze na muuza vyuma anayevuka mpaka wa Rusumo wanaielewa wote. Mpaka hapo yatakapoandikwa, fremu nzuri zitaendelea kuyeyushwa kuwa nondo, na vijana wenye miguu ya mashindano wataendelea kubeba viazi.