Adhabu za vilabu vya pombe zipangwe hapa hapa Kibiti



Naomba niseme machache juu ya wauza pombe wanaovunja masharti ya leseni huku kwetu Kibiti na delta ya Rufiji.

Sheria ya Vileo tunayoitumia ni ya mwaka 1968. Masharti yake sina ugomvi nayo. Shida iko kwenye adhabu. Faini iliyoandikwa kwa shilingi katika sheria ya nchi nzima huzeeka upesi kuliko karatasi yake. Mwenye baa kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi, ambako malori hulala, huihesabu pamoja na umeme na mishahara ya wahudumu. Yuko mmoja, simtaji, alilipa asubuhi na usiku wa siku ile ile muziki ukalia mpaka alfajiri.

Sasa mtazame mama anayeuza tembo la mnazi, au ulaka wa mabibo, huko Maparoni au Kiongoroni. Mtaji wake ni ndoo mbili. Akiitwa Kibiti kujibu shitaka itambidi angoje maji yajae, apande boti hadi Nyamisati, ndipo atafute gari. Nauli na siku mbili za kazi zimekwenda kabla hajamwona hakimu. Faini ambayo kwa mwenye baa ni mauzo ya saa moja, kwake yeye ni mtaji wote.

Kibiti sasa ina halmashauri yake, na Sheria Namba 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa inaipa uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa idhini ya Waziri. Uwezo huo utumike. Mwenye baa asiadhibiwe kwa fedha tu, afungiwe. Akikosa mara ya kwanza mlango ufungwe siku saba, na Jumamosi na Jumapili zikiwamo. Akirudia, leseni isihuishwe. Mwaka 2017, Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, kilichowauma wenye maduka ni mzigo kukamatwa. Faini peke yake isingewashtua.

Kwa wauzaji wadogo wa delta, vijiji vitunge sheria ndogo zao katika mkutano mkuu wa kijiji, halmashauri ya wilaya izipitishe, na faini iwe ndogo, ilipwe kijijini kwa risiti ya Serikali. Nasisitiza risiti. Bila risiti hiyo si faini, ni chai ya mgambo.

Najua wapo watakaosema viongozi wa vijiji wenyewe ni wateja wa vilabu hivyo. Ni kweli, baadhi yao ni wateja, na wengine wana vilabu kwa majina ya wake zao. Ndiyo sababu kila adhabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji: nani kakosa, kakosa nini, kalipa kiasi gani.

Tunawaomba madiwani wetu walifikishe jambo hili barazani mapema, kabla fedha za korosho hazijaanza kulipwa, maana ndipo baa zisizofunga huongezeka.

Mkazi wa Delta,
Kibiti.