Muziki Wastahili Kipindi Chake

Kila Jumatatu asubuhi bendera ipandishwapo, shule nzima twaimba Wimbo wa Taifa. Twauimba kwa moyo, lakini ukiandikwa kwa do-re-mi ubaoni, ni wachache mno kati yetu wawezao kuusoma. Katika ratiba yetu muziki hauna kipindi. Kwaya hufanya mazoezi baada ya chakula cha jioni, na mitihani ikaribiapo, mazoezi hayo ndiyo huondolewa kwanza. Kwa maoni yangu jambo hili halifai, na nitaeleza kwa habari za mtu mmoja.

Mtu huyo ni Joseph Parry, aliyezaliwa mwaka 1841 katika mji wa Merthyr Tydfil, nchi ya Wales. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Joseph alianza kazi machimboni akiwa na miaka 9, na alipotimiza miaka 12 alikuwa kwenye matanuri ya chuma. Mwaka 1854 jamaa zake walihamia Danville, Pennsylvania, huko Marekani, naye akaendelea na kazi ya chuma. Kuimba alikujua tangu utoto, lakini kusoma muziki hakukujua mpaka alipokuwa na miaka 17, umri wangu mimi leo. Waliomfundisha ni wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Na katika kujifunza namna ya kupatanisha sauti, ndimo alimopata pia kusoma na kuandika.

Baadaye nyimbo alizotunga zilishinda tuzo katika mashindano makubwa ya Wales yaitwayo Eisteddfod. Watu wa Wales na wenzao waliohamia Marekani wakamchangia fedha, na mwaka 1868 akaingia Chuo cha Muziki cha Kifalme, London. Mwaka 1874 akawa profesa wa kwanza wa muziki katika chuo cha Aberystwyth, na mwaka 1878 opera yake "Blodwen", ya kwanza katika lugha ya Kiwelisi, ikachezwa mjini humo. Alifundisha pia Swansea, kisha Cardiff, hata alipofariki mwaka 1903.

Labda mtu atauliza, "Mambo ya Wales yatuhusu nini?" Parry alitunga tuni moja ya wimbo wa dini, akaiita "Aberystwyth". Wapo wataalamu wasemao kuwa tuni hiyo yasikika katika wimbo uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Afrika Kusini, ingawa wengine hawakubali. Na tuni ya Sontonga ndiyo tuimbayo katika Wimbo wetu wa Taifa tangu uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961. Sontonga aliandika nyimbo zake kwa do-re-mi. Kama asingalijua kuandika, huenda wimbo ule ungalizikwa pamoja naye mwaka 1905.

Najua wazazi wengi husema muziki hauleti ugali, nao ndio wanaohangaika kutupatia madaftari na nauli. Neno lao ni zito, wala sisemi tuache hesabu. Naomba kipindi kimoja tu kwa juma. Gharama yake ni ubao, chaki, na mtu ajuaye do-re-mi. Na watu hao hawakosekani katika kwaya za makanisa ya jirani. Parry hakungoja mwalimu mwenye shahada. Aliwapata walimu wake kando ya tanuri.

Katika mabweni yetu wamo wenye sauti nzuri na wenye kutunga nyimbo kila siku. Wakimaliza shule, nyimbo zao huondoka nao, wala hapana karatasi inayobaki. Sisi wa Kidato cha Nne hatutakuwapo kukifaidi kipindi hicho. Twawaombea wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, wasije nao wakamaliza miaka minne wakiimba wasichoweza kukisoma.