Fundi Aijue Saketi

Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Magobori ya rugaruga wake yalipoharibika, kasoro ilionekana kwa macho. Redio ya jeshi la leo haina wepesi huo. Programu ya uchunguzi huingiza mawimbi katika saketi, hulinganisha majibu na yale yatarajiwayo, kisha hutaja kadi mbovu. Ni msaada mkubwa. Lakini vumbi au kutu katika kiungo cha waya huweza kuifanya ishutumu kadi isiyo na kosa! Fundi aliyezoea kusoma kioo tu ataagiza kadi nyingine ng'ambo, naye askari mpakani atabaki bila mawasiliano. Huko si kujitegemea. Walimu wa fizikia, Tabora na kwingineko, wawafundishe vijana saketi yenyewe kabla ya vitufe.