Umepasuliwa tumbo? Tumbo lipi?

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii hufunzwa madarasani kila mwaka, nao wanafunzi huikariri na kuifafanua vilivyo. Hata hivyo, ziko nyakati ambapo mgonjwa hakuficha lolote, amesema yote aliyokuwa nayo moyoni, na bado daktari asifahamu lililomsibu. Hapo kikwazo huwa si haya wala woga. Kikwazo huwa ni neno.

Hebu leo tuitazame hali moja ya aina hiyo ambayo haijajadiliwa sana katika lugha yetu. Nazungumzia mtu mzima anayetumia dawa za kumwezesha kutulia na kuzingatia kazi, ambaye baadaye hufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Watu hao wamo miongoni mwetu, wakiwemo walimu na wanafunzi wa vyuo, ingawa wengi wao wamenyamaza wasije wakaambiwa wanameza dawa za wazimu.

Tatizo la upungufu wa makini na utukutu uliokithiri, ambalo ulimwenguni hujulikana kwa herufi ADHD, halikuzuka jana. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya jamii ya amfetamini, akastaajabu kuona baadhi yao wakibadilika mno katika masomo. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi aliunda methilifenidati, ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Ritalin, kutokana na Rita, jina la utani la mkewe. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa tatizo hili ni la watoto peke yao. Sasa inajulikana kwamba wengi huingia nalo utu uzimani. Shuleni kwetu tuliwaita watundu, wazembe na vichwa maji, tukadhani kiboko ndicho tiba.

Upasuaji nao una historia yake. Mwaka 1966 Edward Mason na mwenzake katika Chuo Kikuu cha Iowa walianza kuwapasua watu wanene mno ili chakula kipite njia ya mkato. Katika upasuaji huo, hubakishwa kifuko cha juu chenye ujazo wa takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na sehemu ya mbele zaidi ya utumbo mwembamba. Katika aina nyingine, takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba. Njia zote mbili hubadilisha kiasi cha asidi, kasi ya chakula kupita, na kwa yule wa njia ya mkato, urefu wa utumbo unaokutana na kile kilichomezwa.

Basi kidonge nacho ni kitu kilichomezwa. Hapo ndipo lugha inapoingia, na hapo ndipo maneno matatu ya Kiswahili yanapoweza kumponza mtu.

Neno la kwanza ni tumbo. Kwetu sisi tumbo ni kiwiliwili kwa mbele, ni mfuko wa chakula, na pia ni mji wa mimba. Aliyezaa kwa upasuaji husema, "Nilipasuliwa tumbo." Aliyeondolewa kidole tumbo husema vivyo hivyo. Na aliyepunguzwa mfuko wa chakula hana msemo mwingine. Mwalimu mmoja wa shule ya upili, mama wa watoto watatu, alinisimulia jinsi alivyolitaja tumbo lake mbele ya mhudumu wa kliniki, naye mhudumu akadhani anazungumzia uzazi. Kwa miezi kadhaa aliendelea kupewa vidonge vile vile, huku akisahau kusahihisha madaftari na kuingia darasa lisilo lake. Ilikaribia kuongezwa dozi. Aliyemwokoa ni mfamasia aliyemwuliza swali la maneno mawili: "Tumbo lipi?"

Neno la pili ni kunywa. Waswahili hunywa dawa hata ikiwa ni ya vidonge; wengine huila. Kitenzi hiki hakisemi kama kidonge kimemezwa kizima, kimetafunwa, kimesagwa au kimeyeyushwa majini. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, ambaye kwa majuma ya kwanza huagizwa vitu laini na vya majimaji, kishawishi cha kusaga kila kidonge ni kikubwa. Lakini vidonge vya methilifenidati vilivyoundwa kutoa dawa kidogo kidogo kwa saa 8 au 12 havisagwi kamwe. Ukivisaga, dozi ya kutwa nzima huingia kwa pamoja, moyo ukaenda mbio na shinikizo la damu likapanda. Kapsuli za atomoksetini nazo hazifunguliwi, kwani unga wake huwasha macho. Kinyume chake, unga wa kapsuli za lisdeksamfetamini huruhusiwa kukorogwa katika maji, ukanywewa papo hapo. Zote tunasema "kunywa dawa"!

Neno la tatu ni kirai: dawa ya muda mrefu. Je, ni dawa itakayotumiwa kwa miaka mingi, au ni dawa inayofanya kazi kwa saa nyingi baada ya kumezwa mara moja? Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Dawa za aina ya pili hutegemea safari ya polepole ndani ya utumbo. Safari ikifupishwa, huenda dawa isitolewe yote, au ikatolewa kwa kasi isiyotarajiwa. Madaktari wameandika juu ya wagonjwa waliopoteza nafuu baada ya upasuaji na juu ya wengine walioonyesha dalili za dawa kuzidi mwilini. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kumfaa kila mtu. Kila mgonjwa sharti afuatiliwe peke yake: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, uzani, usingizi, na saa ambapo nafuu huanza na kukoma.

Fauka ya hayo, dawa hizi hupunguza hamu ya kula. Mtu ambaye mfuko wake wa chakula ni vijiko viwili, na ambaye kwa kawaida hushauriwa apate protini isiyopungua gramu 60 kwa siku, hana nafasi ya kupoteza mlo. Akikosa madini ya chuma au vitamini B12 atachoka, atasahau na mawazo yatamhama. Dalili hizo hufanana mno na za ADHD yenyewe. Ndiyo maana kuongeza dozi kabla ya kupima damu ni kutia chumvi katika chai ukidhani umetia sukari.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba dawa ziachwe. Aliyepasuliwa hivyo hutakiwa kutumia vitamini maisha yake yote na kurudi kliniki kwa tarehe alizopangiwa. Mwenye ADHD asiyetibiwa ndiye wa kwanza kusahau vyote viwili. Kumnyang'anya dawa kwa sababu amepasuliwa kwaweza kumharibia hata huo upasuaji. Linalohitajika ni daktari wa akili na daktari mpasuaji wajuane kabla ya kisu, na mgonjwa awe na maneno ya kuwajuza.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini tuhangaikie watu wachache hivi, ilhali madaktari wetu huandika kwa Kiingereza? Najibu kwamba daktari huandika kwa Kiingereza, lakini mgonjwa huulizwa na kujibu kwa Kiswahili, na kosa hutokea katikati ya lugha hizo mbili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Haki hiyo haina maana iwapo maelezo yenyewe hayaeleweki. Aidha, utata wa tumbo na kunywa humkabili mwenye kisukari na mwenye shinikizo la damu kadhalika.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, hapa tuna kazi. Katika isimujamii tunafunza sajili ya hospitali. Mwanafunzi huorodhesha sifa zake, akitaja msamiati maalumu, kuchanganya ndimi na lugha ya upole, akapata alama zake na kusahau. Kwa nini tusimpe kijikaratasi cha ndani ya pakiti ya dawa akitafsiri, kisha darasa zima litafute maagizo yanayoweza kueleweka kwa njia mbili? Kwa nini katika uandishi wa kiuamilifu asiandike maelezo ya ugonjwa wa nyanyake kwa sentensi tano zisizo na utata? Mfuko wa chakula uitwe mfuko wa chakula. Kidonge cha kumezwa kizima kiandikwe hivyo. Dawa ya kutolewa polepole iitwe jina hilo, nayo dawa ya miaka mingi ipewe lake.

Nanyi wanafunzi, msije mkadhani kuwa dawa hizi ni njia ya kukesha mkisoma. Methilifenidati na amfetamini zimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na si za kugawiana bwenini wakati wa mtihani. Aliyeandikiwa ana daktari anayempima moyo. Aliyeomba kwa rafiki hana.

Kuuliza si ujinga, asemavyo Mswahili. Lakini wa kuuliza ni wawili. Mgonjwa na aulize kama kidonge chake kingali kinamfaa baada ya upasuaji, na anayemhudumia naye asiandike neno tumbo kabla ya kuuliza ni tumbo lipi.